Mvua Tatu za Papa Donat

Yannick alisimama kando ya sanduku la maiti, akashika maikrofoni kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kunyang'anywa, akasema Papa Donat alikuwa mtu mzuri sana lakini mtu wa zamani, fundi aliyeogopa vitu vipya, na kwamba sisi vijana tulimpenda hivyo hivyo, tukamsukuma mbele polepole. Watu wakacheka kile kicheko kidogo cha kwenye kilio, cha kupumzisha kifua. Nilikuwa nimekaa safu ya nne kwenye kiti cha plastiki, mtoto mdogo amelala kifuani, mkubwa wangu Deo anapiga teke kiti cha mbele, na hasira ikanipanda mpaka maziwa yakatoka yenyewe na kulowesha blauzi nyeusi niliyoazima. Fundi aliyeogopa vitu vipya! Katika ile miezi michache tuliyokaa pamoja, mwoga alikuwa mimi. Kalamu iliyoandika uoga ule ilikuwa mkononi mwangu. Na Yannick anaijua kalamu ile, kwa sababu ni yeye aliyenipa.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, diploma ya sekondari bado inanuka karatasi mpya, na mimba ya miezi mitatu ya mwanamume ambaye hapa simtafutii nafasi. Madame Odile alinichukua kazini mwisho wa kiangazi. Alikuwa mjane aliyeanza na mashini moja ya fotokopi, akaongeza kompyuta, kisha antena juu ya paa, mpaka akawa anauza intaneti na kutunza kompyuta za wateja kumi na mmoja: shule, maduka ya dawa, parokia moja, na nyumba ya uzazi ya mtaa wa Kikula, hapa Likasi. Jina la kampuni lilikuwa refu na la Kifaransa, hakuna aliyelitumia. Watu waliiita Nyumba ya Nsinga, yaani nyumba ya waya, kwa sababu waya zilitoka kila dirisha. Ndani kulikuwa na vyumba viwili vilivyotengwa kwa ukuta wa mbao. Cha mbele kilikuwa na meza yangu, fotokopi, na benchi la wateja. Cha nyuma kilikuwa cha mashini, sakafu yake nyekundu iliyopigwa nta kila Jumamosi, na harufu ambayo mpaka leo nikiipata kwa fundi redio barabarani nasimama: risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, vumbi la moto, na juu yake moshi wa makaa kutoka uani, ambako Madame Odile alipika yeye mwenyewe kwenye mbabula, jiko la makaa, kwa sababu hakuamini mkono wa mtu mwingine kwenye sombe yake, mboga ya majani ya muhogo.

Kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kulamusha watu, yaani kuwaamsha. Ndivyo Papa Donat alivyoiita. Alikuwa amefanya kazi ya umeme kiwandani nusu ya maisha yake, kisha akaja kwa Madame Odile na bisibisi zake kwenye mfuko wa kitambaa cha kitenge alioushona mwenyewe. Saa moja na nusu asubuhi nilipaswa kupigia kila mteja simu, mmoja mmoja, nimsalimu, halafu ninyamaze kidogo. "Minye sitaki uulize kama mashini inatumika," aliniambia siku ya kwanza, kwa ile lugha yetu ambayo minye ni mimi na juu ni kwa sababu. "Bote banasema inatumika, juu banaona haya. Weye salimia, kisha sikiliza." Nilidhani ni wazimu wa mzee. Baada ya wiki tatu nilikuwa najua, kwa sauti tu, kwamba feni ya kompyuta ya parokia inakwaruza, kwamba katibu wa shule ya juu amegombana na mkurugenzi, kwamba betri ya nyumba ya uzazi inalia kile kimlio chake cha njaa nyuma ya sauti ya Mama Philomène. Yeye alikuwa mkuu wa wakunga pale, mwanamke wa sauti nzito asiyepoteza neno.

"Mulilamuka muzuri, mama?"

"Tulilamuka. Leo tuko na batoto bane, bote banaume. Kwambia Donat betri inalia."

Basi. Papa Donat alikuwa tayari ameshika baiskeli.

Yannick alifika mwezi huo huo kutoka Lubumbashi, ameletwa na Madame Odile awe meneja. Nitasema ukweli hata kama unaniuma: alikuwa na akili. Viatu vyake vilikuwa vyeupe katika mji wa vumbi jekundu, alikula bukari, ule ugali wetu, kwa uma, lakini alikuwa na akili. Kwenye nyumba ya uzazi faili zote zilikuwa ndani ya kompyuta moja nzee, ndani ya kabati, na wakunga walipanga foleni kuifikia huku mikono yao bado inanuka dawa. Yannick alileta tableti nne. Kila mkunga angeandika pale pale kitandani, na maandishi yangeruka kwa antena mpaka mashini kubwa ya Lubumbashi na kutunzwa huko. Mkunga wa kwanza aliyeijaribu alimwita Yannick "mwana wa Mungu," naye akatembea siku tatu kama mtu aliyevaa taji.

Saa sita tulikula pamoja uani, wote wanne, sahani moja kubwa ya bukari katikati, sombe, na samaki wa thomson waliogandishwa, au siku nzuri samaki wabichi wa ziwa la Tshangalele. Papa Donat alikaa daima karibu na dirisha la chumba cha mashini ili sikio lake moja libaki kazini. Alimwita Yannick "Bwana Kesho." Yannick alimwita "Papa Jana." Madame Odile aliwatazama kama anavyotazama majogoo ambao bado hajaamua yupi wa kuchinja.

"Bwana Kesho, weka ile forosheti chini. Bukari haikufanyia kintu."

"Papa Jana, minye napenda mikono safi. Kesho itatuomba mikono safi."

"Kesho itakuomba tumbo yenye kushiba. Kula!"

Mimi nilicheka mpaka mtoto akageuka tumboni. Sijawahi kula vizuri hivyo tena. Leo nina sufuria zangu, nina gesi, na nikipika sombe Deo anasema ni tamu, lakini kuna kitu kinakosekana na ninakijua: ni kule kugombana kwa watu ambao kesho yake watakuja tena kugombana.

Papa Donat alikuwa na sheria moja, na hiyo ndiyo habari yote. Kitu kipya kikiwekwa kwa mteja, cha zamani hakizimwi. Vinakaa nyumba moja, vinafanya kazi pamoja, mpaka kipya kione mvua tatu. Siyo manyunyu, mvua ya radi, na inyeshe pale pale kilipowekwa. Mimi ndiye niliyetunza kaye, daftari kubwa la mistari, na ndani yake kila kitu kipya kilikuwa na ukurasa wake: mvua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na saini yangu mbele ya kila moja baada ya kupiga simu na kuuliza. Nilimuuliza kwa nini tatu. Alikuwa anayeyusha risasi, hakuinua kichwa. "Ya kwanza inatafuta vumbi mu mashini. Ya pili inatafuta tundu mu malata. Ya tatu inatafuta weye, juu unaanza kusahau."

Mwaka ule mvua zilikuja mbili mwanzoni mwa msimu, kubwa, halafu zikakatika. Wiki ya kwanza kavu, ya pili, ya tatu. Tableti zinafanya kazi vizuri, kompyuta nzee inanguruma kabatini bure, na watu wa Lubumbashi wanampigia Yannick kila siku: mmehama au hamjahama? Siku moja nilikuwa napanga karatasi, nikasikia ukuta wa mbao unasema. Yannick alikuwa ametoka. Ilikuwa sauti ya Madame Odile, na ile ya Papa Donat.

"Donat, huyu kijana anasema unamuzuia. Anasema unaogopa."

"Madame, sikiliza. Ile mashini ya kabati niliifunga minye. Siku nitakufa, itakufa na minye, hakuna muntu anaijua ndani. Ile ya Yannick ni muzuri. Ninaitaka. Ningekuwa na macho yake ningeifanya zamani. Ninaomba paka mvua moja, moja tu."

"Na kama haikuye?"

"Itakuya. Tuko Likasi."

Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, *ninaitaka*. Kwa hiyo kwenye kilio, Yannick aliposema Papa Donat aliogopa, mimi nilikuwa na jibu mdomoni, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa na jambo langu mwenyewe. Ndilo hili.

Papa Donat alikwenda siku nne kando ya ziwa la Tshangalele, kusimamisha mlingoti wa antena kwenye shule. Alhamisi, saa tisa alasiri, mvua ikapiga malata ya paa la Nyumba ya Nsinga. Radi ilipasuka juu ya mji, fotokopi ikazimika ikawaka. Yannick alicheza dansi kati ya meza, viatu vyeupe na yote, akiniita kwa jina. "Kapi! Ya tatu! Njo ile!" Ilidumu dakika ishirini, jua likarudi. Mimi nilishika simu kupiga Kikula, kama ilivyo kazi. Akaweka mkono wake juu ya wangu, akaishusha simu taratibu, wala hakunilazimisha. Akafungua mkoba, akatoa karatasi: kandarasi yangu ya kazi. Mpaka siku ile nilikuwa wa kujaribiwa tu, na mwanamke wa kujaribiwa akienda kujifungua harudi, kila mtu anajua. "Madame alishasaini," alisema. "Inabaki weye. Saini mbili tu, Kapi. Moja hapa, moja mu kaye. Lubumbashi wanangoja." Akanipa kalamu yake.

Nilisaini zote mbili.

Ijumaa asubuhi nililamusha watu. Nilipofika kwa Mama Philomène nilisema, kama kwa mzaha, kwamba jana tulilowa. "Mulilowa?" alisema. "Huku hata tone. Vumbi inatuua." Kikula si mbali, mtu anakwenda kwa miguu. Mvua za mwanzo wa msimu huku kwetu ndivyo zilivyo, zinanyeshea mtaa mmoja na kuruka wa pili. Nilikuwa na kaye wazi mbele yangu, saini yangu haijakauka vizuri. Na Yannick alikuwa anavaa kofia mlangoni kwenda kuitoa kompyuta nzee. Ilinibidi niseme neno moja tu kumzuia. Mama Philomène alingoja kidogo upande wa pili, kama alivyozoea, kisha akasema, "Haya," akakata. Nami nikanyamaza. Adhuhuri kompyuta ya kabati ilikuwa chini ya meza yangu, imezungushiwa waya wake kama mbuzi aliyefungwa miguu, na betri yake imepelekwa kwa mteja mwingine. Mchana huo huo Yannick alinionyesha skrini yenye taa kumi na moja za kijani, moja kwa kila mteja. "Kuanzia Jumatatu hakuna tena kupiga simu. Taa ikiwa kijani, wamelamuka." Nilifurahi, naapa. Nilidhani nimepumzika.

Jumatatu Papa Donat alirudi saa sita, uso umeungua na upepo wa ziwa, ameleta samaki kwa Madame Odile. Aliiona ile kompyuta kabla hajakaa.

"Hii ilifika hapa namna gani?"

"Iliona ya tatu, papa," alisema Yannick.

Alifungua kaye, akasoma, akaniangalia, akasoma tena. Alikwenda mlangoni akatazama upande wa Kikula, na huko mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Tulikula samaki. Saa tisa tukaisikia radi, mbali, upande ule. Mji wetu ulibaki mkavu kabisa. Taa ya nyumba ya uzazi kwenye skrini ilibaki kijani kwa dakika nyingine kumi, kwa sababu skrini ilikuwa bado haijapata habari. Ndipo simu ikalia.

"Kapi, tableti zinasema ngoja, ngoja, ngoja," alisema Mama Philomène. Sauti yake ilikuwa ile ile, nzito, ila maneno yalikuwa yanakuja haraka. "Niko na mama anatoka damu. Ninataka liste ya batu ya damu." Ilikuwa orodha ya watu wa Kikula waliokubali kutoa damu, majina, simu, kundi la kila mmoja. Papa Donat mwenyewe aliitia ndani ya kompyuta ya kabati, na Yannick akaihamisha. Sasa ilikuwa salama kabisa, Lubumbashi. Antena ya nyumba ya uzazi ilikuwa imeungua.

Yannick alipiga simu Lubumbashi, akaambiwa fundi yuko njiani. Papa Donat hakumpigia mtu. Orodha ilikuwa bado ndani ya kompyuta nzee, lakini skrini yake ilibaki kabatini Kikula na haikukubali nyingine. Alilala kifudifudi chini ya meza yangu, akaitoa ile mashini, akang'oa betri ya fotokopi, akavifunga vyote viwili ndani ya mifuko ya unga na kamba ya baiskeli. "Usikate ile simu," aliniambia. "Ongea naye." Akaenda. Mzee yule, na mzigo ule, ndani ya mvua ile.

Sikuikata. Nilikaa na simu sikioni nadhani dakika arobaini. Nilisikia ndoo, nilisikia malata, nilisikia Mama Philomène akimwambia mama yule asilale, asilale, amwambie jina la mtoto. Mtoto wangu alinipiga mbavuni bila kupumzika. Yannick alisimama mbele yangu, viatu vyake sasa vina matope, sijui aliyatoa wapi, akaniuliza kwa midomo tu: vipi? Halafu nikasikia mlango, na kukohoa ninakokujua, na kile kimlio cha betri. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile kimlio. Watu watano wa damu walipigiwa, watatu wakaja kwa miguu ndani ya mvua. Yule mama aliishi. Binti yake leo anasoma na Deo wangu, na kila nikimwona langoni mwa shule namnunulia biskuti, naye hajui kwa nini.

Kesho yake Madame Odile alituita uani, mbabula imezimwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea saa ile. Aliweka kaye juu ya meza. "Kikula haikunyesha ile Alhamisi. Nani aliandika mvua?" Niliangalia tumbo langu. Yannick aliangalia mbali. Papa Donat alijikuna kidevu akasema, "Ni minye. Nilimupigia Kapi kutoka kule ku ziwa, nikamwambia aandike. Nilichoka kungoja." Madame Odile hakuwa mjinga. Lakini alihitaji jina la kuwapa wateja, na jina lilikuwa limejitoa lenyewe. Papa Donat aliondoka mwisho wa mwezi. Kabla ya kuondoka alimfundisha Yannick, siku sita nzima, wameinama pamoja, namna ya kuweka kijisanduku kabatini kwa kila mteja ili antena ikifa orodha zibaki nyumbani. Kipya mbele, nakala ya karibu nyuma yake. Hicho kijisanduku ndicho kilichoijenga kampuni mpaka ikahamia jengo la ghorofa, ndicho Yannick anachokionyesha wageni na kusema "wazo letu." Mimi nilijifungua mwezi wa tatu, nikarudi, na Deo alipofika miezi mitano wakaniambia skrini inatosha. Kandarasi niliyoiuzia mvua ilidumu kiasi hicho.

Kwa hiyo kwenye kilio nilisimama. Nilimpa jirani mtoto, nikapita kati ya viti, nikachukua maikrofoni kutoka mikono ya Yannick. Alininong'oneza, "Kapi, si wakati." Nikasema kwa sauti kwamba huyu mzee hakuogopa kitu kipya hata kimoja. Nikasema mvua ya tatu niliiandika mimi, bila kuuliza, kwa ajili ya karatasi ya kazi, na Ijumaa nilijua, nikanyamaza, na yeye akaibeba. Deo akaacha kupiga teke.

Sauti ilitoka nyuma, nzito, imezeeka. Mama Philomène hakusimama, magoti yake hayamruhusu. "Mutoto wangu, minye nilikuwa nasikia sauti yako kila asubui. Ile Ijumaa nilikwambia huku hata tone, ukanyamaza. Unafikiri sikusikia vile ulinyamaza? Nilimwambia Donat siku ile ile ya mvua, wakati anafunga waya. Akasema: muache, iko na mimba. Atasema siku yake."

Miaka tisa. Nilikuwa nakutana naye sokoni Kikula, ananiuliza kuhusu Deo, anapapasa nyanya, anangoja. Nami nilikuwa naongea kuhusu bei ya nyanya.

Siku hizi natunza kompyuta za maduka sita ya dawa na za nyumba ya uzazi ileile, peke yangu, na skrini ya taa ninayo, nzuri kuliko ile ya Yannick. Asubuhi iliyofuata mazishi taa zote saba zilikuwa kijani. Nilimweka mtoto begani, nikapiga simu hata hivyo, saa moja na nusu.

"Mulilamuka muzuri, mama?"

"Tulilamuka," alisema Mama Philomène. Akanyamaza kidogo, akisikiliza. "Na weye?"